PETE MGUUNI MWA NDEGE NA HESABU YA MSITU

Kila mwaka mvua za masika zikaribiapo, watu wa nchi yetu hushika majembe wakaenda kupanda miti. Shule hupanda, vijiji hupanda, maofisi hupanda, na jioni yake hutangazwa hesabu ya miche iliyotiwa ardhini. Hesabu hiyo ni njema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini yafaa tuulizane, sisi tuliozoea kusoma hesabu za vyama vya ushirika: ni mweka hazina gani aandikaye fedha zilizoingia tu, asiandike zilizobaki? Mche uliopandwa ni fedha iliyoingia. Je, umeshika? Umekua? Na ikiwa umekua, je, pamekuwa msitu pale, au pamekuwa na miti tu?

Swali hili la mwisho ndilo lililotupeleka Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kutazama kazi ambayo wananchi wengi hawajapata kuisikia: kazi ya kuwanasa ndege wa msituni wakiwa hai, kuwavisha pete yenye namba, na kuwaacha waende zao. Tuliambiwa kwamba kule ukingoni mwa msitu, mahali palipokuwa mashamba ya iliki na sasa pameachwa pajirudie, wako watu wafanyao hesabu ile ya pili. Tulitaka kuliona daftari lao.

Kutoka Muheza barabara hupita kwanza katika michungwa ya wakulima, kisha huanza kupanda na kujikunja. Pale Sigi bado ipo nyumba ya stesheni ya reli ndogo ambayo Wajerumani waliijenga toka Tengeni kwa ajili ya kuteremsha magogo. Reli yenyewe haipo tena, na magogo yalikwisha kwenda zamani. Juu zaidi ni Amani, ambako mwaka 1902 Wajerumani hao hao walifungua chuo cha utafiti wa kilimo na mimea, wakapanda miti ya kigeni ya kila namna ili waone ni ipi itakayowafaa. Tangu mwaka 1997 msitu wa Amani umekuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye hekta 8,380.

Mtu afikaye huko mara ya kwanza hudhani amefika mahali pasipoguswa. Ukungu umetanda, miti ni mirefu, na kila bonde lina maji yatiririkayo. Lakini apandapo kilima akatazama vizuri, ataona kwamba msitu huu umekuwa kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi. Hapa msitu, pale chai, kisha msitu, kisha chai tena, na katikati ya chai kipande cha msitu kisichozidi kiwanja cha mpira, kimezungukwa pande zote kama kisiwa baharini. Chai imelisha nyumba nyingi za wafanyakazi katika milima hii, na hatusemi kwamba haikupasa kupandwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuja ukataji wa magogo kwa mashine, ukisaidiwa kwa fedha za Ufini, mpaka kelele za wataalamu zikawa kubwa na ukataji ule ukakomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye Ufini hiyo hiyo ikatoa fedha za kuulinda msitu uliosalia. Msomaji akitaka kucheka na acheke, sisi tulicheka.

Ukataji wa magogo ulionekana na kila mtu. Iliki haikuonekana, na hapo ndipo penye mambo. Iliki hupenda kivuli. Mkulima wake haiangushi miti mikubwa, bali huiacha isimame, akafyeka yote yaliyo chini yake: miche, vichaka na mitambaazi. Mtu atazamaye kutoka ng'ambo ya bonde, au apigaye picha toka angani, huona msitu umesimama na majani yake yamefungana. Kumbe chini ni shamba. Na miti ile mikubwa izeekapo na kuanguka, hakuna mtoto aliyekuwa akingoja kushika mahali pa mzazi. Kwa macho ya mpimaji wa angani hakuna kilichopotea. Kwa ndege aishiye chini, karibu na ardhi, nyumba imebaki paa tu. Basi twaona sababu ya kutaka shahidi mwingine, asiyekuwa picha wala hesabu ya miche.

Kambi tuliyoitembelea si jengo. Ni turubai lililofungwa kwenye miti minne, meza moja ya mbao, madaftari, mizani ndogo, rula, na kamba iliyotundikwa vifuko vya kitambaa. Tulifika kabla jua halijachomoza, maana ndege huanza kazi mapema kuliko ofisi zote tunazozijua. Tulimwamkia msimamizi wa kambi, mzee aliyezaliwa katika kijiji cha jirani, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho, kwa kuwa mkononi mwake mlikuwa na ndege.

Nyavu watumiazo zina asili ya Japani, ambako wawindaji walizifuma kwa hariri ili kunasa ndege wa kula. Siku hizi hufumwa kwa nailoni. Urefu wa wavu mmoja ni kama mita 12, na kimo chake hupita kidogo kimo cha mtu. Uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba, ukitandazwa kivulini kati ya fito mbili, jicho halioni kitu. Tulisimama hatua tatu mbele ya mmoja wao tukauliza uko wapi. Wavu huu haukazwi kama wa mpira. Una mifuko iliyolegea toka juu hadi chini, na ndege aupigapo huteleza akaingia mfukoni, akatulia. Wafanyakazi huzipitia nyavu zote kila nusu saa au chini ya hapo, kwa sababu ndege akisahauliwa hufa kwa jua, au kwa baridi, au huliwa na siafu. Mvua ikianza, nyavu hufungwa mara moja, hata kama asubuhi nzima itapotea. Mzee alitueleza sheria hizi kabla ya kutukaribisha chai, akasema kwamba hapo kambini ndege hutangulia na hesabu hufuata, na kwamba kijana asiyeweza kuamka mapema hapewi wavu.

Kumtoa ndege wavuni ni kazi ya ufundi ambayo haipatikani kitabuni. Vidole hutangulia miguuni, kisha huja bawa moja, kisha la pili, na kichwa mwisho. Mkono ukikosea utaratibu huu, uzi hukaza. Vijana wawili tuliowaona, mmoja wao binti aliyemaliza sekondari, waliifanya kwa muda mfupi kuliko tunaoutumia kufungua kifundo cha kamba ya kiatu. Ndege hutiwa katika kifuko cha kitambaa, na gizani humo hunyamaza. Mezani hushikwa shingo ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala katika kiganja, wala hakuna kinachobanwa. Pete ni ya alumini, nyepesi, na saizi zake ni nyingi kwa kadiri ya miguu ya ndege. Hufungwa kwa koleo lenye tundu la duara, ili izunguke mguuni bila kuukwaruza. Juu yake imeandikwa namba ambayo hakuna ndege mwingine aliye nayo, pamoja na mahali pa kupeleka habari.

Kisha vipimo hufuata. Bawa hupimwa kwa rula. Uzito hupimwa kwa mizani. Wengi wa ndege hawa wa chini ya msitu hawafiki gramu 40. Manyoya hutazamwa, ni mapya au makuukuu, na yapi yanapukutika, kwani kwa manyoya hujulikana kama huyu ni kinda wa mwaka huu au ni mzima. Mwisho mfanyakazi hupuliza taratibu manyoya ya kifuani na tumboni, yakatengana, akaangalia ngozi. Shimoni chini ya shingo huona mafuta aliyojiwekea ndege. Na tumboni huenda akaona sehemu tupu, isiyo na manyoya, nyekundu kwa damu nyingi ipitayo hapo. Hiyo ni alama kwamba ndege huyu analalia mayai.

Tulikaa juu ya jambo hili muda mrefu kuliko mengine yote, tena kwa sababu. Ndege aonekanaye msituni anaweza kuwa mpita njia. Anaweza kuwa amefukuzwa kwingine, na hapa anahangaika tu. Anayesikika akiimba anaweza kuwa dume asiye na mke. Lakini ndege mwenye tumbo la kulalia mayai amekwisha kutoa uamuzi wake: ameona kwamba chakula kipo, maficho yapo, na hapa patafaa kulea watoto. Hakuna kamati iwezayo kuandika taarifa fupi kuliko hiyo.

Ndege wa nne asubuhi ile alikuwa na pete mguuni tayari. Alikuwa shore wa msituni, wa rangi ya majani makavu na zeituni, ambaye mtu angempita njiani asigeuke. Namba ilisomwa na mmoja ikaandikwa na mwingine, kisha yule mwandishi akaisoma kwa sauti na yule msomaji akaikubali, kama makarani wawili wa benki. Daftari la zamani likafunguliwa. Shore huyu alivishwa pete miaka sita nyuma, hatua chache tu toka mahali tuliposimama. Miaka sita ya masika na ya kipupwe, ya nyoka na ya vipanga, na bado alikuwa palepale. Wengi hudhani ndege mdogo huishi msimu mmoja au miwili. Pete ndiyo iliyowafundisha wataalamu kwamba ndege wadogo wa misitu ya joto kwa kawaida huishi maisha marefu kuliko ndugu zao wa nchi za baridi, na huzaa watoto wachache. Kwa hiyo msitu ukiharibiwa, hawajazi upesi pengo la waliokufa.

Yafaa tuseme kidogo habari za pete yenyewe, maana ina historia, na Afrika imo ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 1822, katika kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepita shingoni mwake, na mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Mpaka hapo wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana ndege huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walisema mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Mwindaji wa Kiafrika, asiyejulikana jina, alimkosa korongo wake, na kwa kumkosa akawapelekea jibu. Korongo yule yuko hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliwavisha ndege jamii ya kwenzi pete za alumini zenye namba katika mji wa Viborg, na huo ndio mwanzo wa kazi hii kama ifanyikavyo sasa. Na mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, kusini mwa Afrika, Desemba 1912. Habari za matope zikaishia hapo.

Afrika Mashariki inajulikana sana kwa kazi ya namna hii kwa sababu ya Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Huko tangu mwaka 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wahamao toka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyo mlimani, wakashuka kwa maelfu, wakavishwa pete. Pete za Ngulia zimepatikana Arabuni na Urusi. Lakini ndege wa Ngulia ni wasafiri. Wa Usambara ni wenyeji, na pete yao haiulizi wamekwenda wapi. Yauliza kama bado wapo.

Mwaka 1987 mtaalamu wa Kimarekani, William Newmark, pamoja na wafanyakazi wa Kitanzania, walianza kutandaza nyavu katika vipande vya msitu vya Usambara, vingine vya zaidi ya hekta 500 na vingine vidogo kuliko uwanja wa nyumba ya mkubwa wa mjini. Walitega nyavu katika vikubwa na katika vidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa miongo. Waligundua kwamba kipande kikiwa kidogo, tena kikiwa mbali na msitu mkubwa, ndege wa chini hupungua jamii baada ya jamii. Miti imesimama, kivuli kipo, lakini nyavu hutoka tupu. Wala si kwamba ndege hao waliuawa. Wengi wao hawana ujasiri wa kuvuka mahali peupe. Ndege mwenye mabawa mazima, awezaye kufika ng'ambo kwa muda wa kupumua mara chache, hufika ukingoni mwa chai, akatazama, akarudi. Kwake yeye chai ni bahari.

Wako ndege wafuatao siafu. Msafara wa siafu upitapo msituni, wadudu wote hukurupuka majanini, na ndege hao hukaa mbele ya msafara wakiokota wakimbizi. Siafu wenyewe huhitaji eneo kubwa la kuzungukia, na ndege wao huhitaji siafu wa kutosha ili asikose msafara. Katika kipande kidogo hesabu hiyo haitimii. Yuko tena ndege mdogo wa kifua cha manjano, kichwa cha rangi ya kijivu, mwenye doa jeupe mbele ya kila jicho, ambaye jina lake la kitaalamu limetokana na nyota. Wakati wa kipupwe baadhi ya ndege hawa huteremka toka milima ya juu kwenda misitu ya chini penye joto, na baadaye hupanda tena. Kwa huyo, msitu wa juu bila wa chini ni nusu ya nyumba, na vyote viwili bila njia ya kupitia ni sawa na nyumba isiyo na mlango.

Hapo twafika Derema. Kaskazini ya Amani uko ukanda wa msitu wa jina hilo, wenye hekta zipatazo 960, unaounganisha msitu wa Amani na misitu iliyo mbele yake. Ukanda huo ulikuwa umejaa iliki. Katika miaka ya 2000 Serikali iliamua kuuhifadhi, na kwa fedha zilizotoka sehemu kubwa kwa wafadhili wa nje, wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia ya mazao yao wakatoka. Hawakuwa wavamizi waliokuja jana. Wengi walikuwa watu wa vijiji vya hapo, na iliki ndiyo iliyokuwa ada ya shule, bati la nyumba na sanda ya mazishi. Malipo yalichukua miaka, na malalamiko yalidumu baada ya malipo: kwamba bei ya shina haikulingana na mavuno ambayo shina lingeendelea kutoa, na kwamba ardhi ya kulima mahali pengine ilichelewa.

Hatukwenda Usambara kuwasahau watu hao kwa sababu ya uzuri wa ndege. Mto Zigi, ambao huchota maji yake katika misitu hii, ndio unaonywesha jiji la Tanga, wafanyakazi wake wa bandari na viwanda vyake. Mkulima wa iliki alipoacha shamba, aliilipia Tanga maji. Kwa hiyo deni lipo, nalo halimalizwi kwa kutia kidole gumba kwenye karatasi ya fidia. Shore mmoja wa gramu chache ana ukurasa wake, na kila anaswapo huandikwa kama amenenepa au amekonda. Je, yuko mtu aandikaye vivyo hivyo, mwaka hata mwaka, kama nyumba iliyoacha iliki imenenepa au imekonda? Twauliza kwa nia njema. Mama mmoja tuliyemkuta njiani na mzigo wa kuni aliuliza swali hilo kwa maneno machache kuliko yetu: ndege wanahesabiwa, na sisi?

Lakini tusimdhulumu ndege naye. Ikiwa watu wametoa mashamba yao ili msitu urudi, basi ni haki yao wajulishwe kwa ushahidi kama umerudi kweli. Asiyepima hawaheshimu waliotoa. Na kupima hakuwezekani kwa macho, kwa sababu katika Usambara macho yanadanganywa hata na miti yenyewe. Uko mti wa kigeni uitwao musizi, ambao wataalamu humwita Maesopsis, ulioletwa Amani ukapandwa. Matunda yake hupendwa mno na hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi na mweupe mwenye mdomo kama panga. Hondohondo humeza, huruka, hudondosha mbegu mbali, na kila pengo lililofunguliwa na shoka hujazwa na musizi kabla ya mti wa asili haujaamka. Mahali pengine palipoonekana pamepona ni musizi mtupu. Hesabu ya miti ingesema pamejaa. Wavu huuliza ni nani aishiye chini yake.

Katika ukanda unaopona, tulipitishwa mahali ambapo iliki imeachwa. Mashina yake machache bado yapo, yamezidiwa na vichaka. Miche ya miti ya asili imefika kiunoni, mingine imepita kichwa. Ardhi imefunikwa tena kwa majani makavu, na mzee alichutama akayafunua kwa kidole kutuonyesha wadudu, kwa furaha kama mkulima aonyeshaye mahindi. Nyavu za hapo hunasa shore, na chozi, na ndege wengine wasiochagua sana. Hilo ni jambo la kufurahia, kwa kuwa wakati wa iliki vichaka hivyo havikuwapo hata vya kukalia.

Tulimwuliza mzee alijifunza wapi, akasema kwa kushika na kuachia. Milima hii ina desturi ya kuwa na wataalamu wasioandikwa. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza aitwaye Reginald Moreau, aliyekuwa zamani karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi, akakaa hadi miaka ya 1940 na kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Yuko ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, aliyejulikana kwa sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambaye huitwa kwa jina la Moreau; anajulikana kuishi Usambara Mashariki na katika nyanda za juu za Njesi huko Msumbiji tu. Lakini Moreau hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na Salimu Asmani, Mwafrika aliyeijua misitu na sauti za ndege wake, na alikuwa na watazamaji waliowekwa chini ya viota vya hondohondo toka alfajiri hadi jioni, wakiandika kila mara dume alipoleta chakula kwa jike lililojifungia ndani ya shina la mti. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya elimu iliyochapishwa Ulaya ilikusanywa kwa macho na uvumilivu wa watu wa Usambara. Jina la Salimu Asmani liliokolewa. Ya wengi wa wale waliokaa chini ya viota hatuyasikii. Siku hizi baadhi ya Watanzania wafanyao kazi hii huandikwa majina yao juu ya makala za kisayansi pamoja na wageni, na hivyo ndivyo ipasavyo.

Wako watakaosema kwamba kumnasa ndege ni kumsumbua. Ni kweli, humsumbua. Tulihesabu dakika ambazo shore yule alikuwa mezani, hazikufika tano. Alipoachiwa hakuruka juu kwa kishindo kama njiwa wa sherehe. Alishuka chini, akapenya kichakani, akaanza kupekua majani kama kwamba hapakuwa na lolote. Wako pia watakaosema kwamba nchi yenye haja ya madawati na zahanati haina fedha ya kuhesabu ndege. Kwao twasema kwamba gharama ya kambi ile tuliiona yote juu ya meza moja, na kwamba kupanda miti maelfu bila kujua iliyokufa ni ghali zaidi.

Saa nne jua lilikuwa limepanda, ndege wametulia, na vijana wakaanza kuzikunja nyavu. Mzee alifunga hesabu ya asubuhi. Ukurasa wake ulikuwa na safu mbili, moja ya msitu mkubwa na moja ya ukanda unaopona, na majina ya ndege yameandikwa ubavuni toka juu hadi chini. Safu ya msitu mkubwa ilikuwa na alama karibu kila mstari. Ya ukanda unaopona ilikuwa na alama katika mistari ya juu, ya wale wasiochagua sana. Mbele ya majina ya ndege wafuatao siafu palikuwa peupe, na mzee alipiga mstari wa wino katika kila nafasi hiyo, ili mtu asije akadhani kwamba hakutazama.